Tezi dume imetanuka: je, lazima kulazwa na kupasuliwa?

Naamka mara nne usiku kukojoa. Ndiyo tezi dume hiyo?

Huenda ndiyo. Tezi dume imeuzunguka mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu. Ikitanuka, mrija unabanwa: mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa kusuasua, na ukimaliza unahisi bado umebaki. Lakini kisukari nacho huamsha watu usiku, na vilevile vidonge vya presha vya kukojosha vikimezwa jioni. Kwa hiyo daktari hupima kwanza mkojo na damu, hupapasa tezi kwa kidole, kisha huuliza maswali yenye jumla ya alama 0 hadi 35. Chini ya 8 ni dalili nyepesi; wengi wa hapo huangaliwa tu.

Ni saratani?

Hapana, wala haigeuki kuwa saratani. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, hufanywa. Ukitumia finasteride, kidonge cha kusinyaza tezi, kwa miezi kadhaa, PSA hushuka karibu nusu. Mtajie daktari dawa hiyo, la sivyo majibu yatampotosha.

Nimechoka na vidonge, na kisu nakiogopa. Kuna njia ya kati?

Ipo, tena si moja. Ya kwanza ni mvuke. Daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo na kuchoma mvuke wa maji ndani ya tezi, sekunde 9 kila mahali anapochoma. Nyama iliyoguswa na mvuke hufa, na mwili huiondoa wenyewe taratibu. Ya pili, UroLift, haikati wala haichomi kwa joto: vipandikizi vidogo huvuta pande za tezi na kuzishikilia, mithili ya pazia lililofungwa pembeni. Zote mbili huchukua dakika chache, kwa ganzi au dawa ya usingizi mwepesi, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ya tatu haipiti kwenye uume kabisa. Mtaalamu wa mionzi huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono, akaufikisha kwenye mishipa inayolisha tezi, kisha akaiziba kwa chembe ndogo sana. Tezi ikikosa damu, husinyaa.

Nitapona siku hiyohiyo?

La, na hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa kwa sababu hawakuambiwa mapema. Baada ya mvuke, tezi huvimba kwanza. Utakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa, mkojo utachoma, unaweza kuwa na damu kidogo, na wiki mbili za mwanzo unaweza hata kujuta. Nafuu kamili husubiriwa hadi miezi 3. Kwa vipandikizi nafuu huja mapema zaidi, na wengi hawahitaji mpira.

Na mambo ya chumbani?

Swali hili huulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshaaga. Bora ulianze nalo. Upasuaji wa kawaida wa kukwangua tezi huwaacha wanaume wengi wakifika kileleni bila shahawa kutoka, kwa kuwa hurudi kibofuni. Njia ya mvuke na ya vipandikizi husifiwa hasa kwa sababu tatizo hilo ni nadra kwazo.

Basi kwa nini watu bado wanapasuliwa?

Kwa sababu kisu bado hufungua njia vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Katika jaribio kuu la vipandikizi, takribani wagonjwa 14 kati ya 100 walihitaji kutibiwa tena ndani ya miaka 5. Ukubwa na umbo la tezi navyo huamua: mvuke na vipandikizi vilijaribiwa zaidi kwenye tezi za mililita 30 hadi 80. Na aliyekwisha kupata mawe kibofuni, au figo zilizoanza kuharibika kwa mkojo kurudi nyuma, kwa kawaida huelekezwa kwenye upasuaji. Kwa hiyo omba tezi ipimwe kwa altrasaundi kabla hujachagua chochote.

Je, nikishindwa kukojoa kabisa?

Usingoje asubuhi, wala usinywe maji mengi ukidhani yatausukuma mkojo. Kibofu kilichojaa kinahitaji mpira usiku huohuo. Mengine yatazungumzwa baadaye.