Kitovu cha graviti cha vitu vilivyounganishwa: dhana potofu na ukweli wake

Ukilaza nyundo juu ya kidole, haitulii katikati ya mpini. Inatulia karibu na kichwa, mahali palipo na kitovu chake cha graviti, yaani nukta ambapo uzito wote wa kitu huhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Mkono unalijua hilo bila kufundishwa, ila kalamu ikishikwa makosa huanza, na mara nyingi ni yaleyale.

Dhana: Kitovu cha graviti hugawa kitu katika vipande viwili vyenye uzito sawa

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Chukua nyundo yenye mpini wa sm 30 na gramu 200, na kichwa cha gramu 500 kilichokaa juu ya ncha ya mpini. Mpini una unene uleule kote, hivyo kitovu chake kiko sm 15 kutoka ncha ya chini. Kitovu cha kichwa kiko sm 32 kutoka hapohapo. Zidisha uzito wa kila kipande kwa umbali wa kitovu chake, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wote:

(200 × 15 + 500 × 32) ÷ 700 = 19,000 ÷ 700 = sm 27.14

Sasa ikate kwa msumeno mahali hapo. Kipande cha mpini kitakuwa na gramu 181 hivi, na chenye kichwa gramu 519. Havikaribiani hata kidogo, ilhali nyundo nzima ilikuwa imetulia palepale. Kilichosawazika ni momenti, yaani uzito mara umbali wake kutoka egemeo. Mpini mzima, ukihesabiwa kwenye kitovu chake, unatoa 200 × 12.14 = 2,428; kichwa kinatoa 500 × 4.86 = 2,430. Tofauti hiyo ya 2 imeletwa na kukadiria desimali.

Dhana: Tafuta kitovu cha kila kipande, kisha chukua nukta ya katikati

Inafaa pale tu vipande vinapolingana uzito. Kwenye nyundo yetu ingetoa sm 23.5, na nyundo ikiwekwa kidole hapo ingeanguka kwa upande wa kichwa.

Dhana: Lazima kitovu kiwe ndani ya kitu chenyewe

Pete inatosha kuikanusha: kitovu chake kiko kwenye uwazi. Lakini umbo la herufi L lina mafunzo zaidi, kwa sababu wengi hulikosea.

Tuseme bamba la L lina mguu wa wima wenye urefu wa sm 20 na mguu wa ulalo wenye urefu wa sm 16, yote miwili upana wa sm 4. Pima kila kitu kutoka kona ya nje. Mstatili wa wima una eneo la 4 × 20 = 80, kitovu chake ni (2, 10). Mstatili wa ulalo, *ukianzia pale wa wima ulipoishia*, una 12 × 4 = 48, kitovu chake ni (10, 2).

Mlalo: (80 × 2 + 48 × 10) ÷ 128 = sm 5
Wima: (80 × 10 + 48 × 2) ÷ 128 = sm 7

Nukta (5, 7) iko hewani, nje ya miguu yote miwili. Jibu ni sahihi. Usilirekebishe ili liingie ndani ya bamba. Kosa halisi la kuogopa ni jingine: kuhesabu miguu kwa urefu wake kamili, 80 na 64. Hapo mraba wa kona umehesabiwa mara mbili, na jibu linakuwa (4.67, 6.44), yaani limevutwa kuelekea kona. Njia nzuri ya kujisahihisha ni kuligawa umbo upya: mguu wa ulalo kamili 16 × 4, na wa wima 4 × 16 uliokaa juu yake. Ukipata tena (5, 7), uko salama.

Dhana: Tundu halina uzito, kwa hiyo halihesabiwi

Tundu huhesabiwa kama kipande chenye uzito hasi. Duara la nusukipenyo sm 10 limetobolewa tundu la nusukipenyo sm 5, kitovu cha tundu kikiwa sm 5 kulia kwa kitovu cha duara. Maeneo yana uwiano wa 100 kwa 25, hivyo kitovu kipya ni −(25 × 5) ÷ 75 = −1.67, yaani sm 1.67 kushoto. Wengi hukumbuka kutoa juu wakasahau kutoa chini: wanagawanya kwa 100 na kupata 1.25.

Dhana: Eneo linatosha badala ya uzito

Linatosha ikiwa mata ni moja na unene ni mmoja. Unganisha mraba wa alumini na wa chuma cha pua, kila mmoja sm 10 na unene sawa. Eneo linasema kitovu kiko kwenye kiungo. Alumini ina densiti (gramu kwa kila sm moja ya ujazo) ya karibu 2.7 na chuma hicho karibu 7.8, kwa hiyo kitovu kinaingia sm 2.4 ndani ya chuma.

Waya nao hauhesabiwi kwa eneo, bali kwa urefu. Pembetatu mraba ya sm 30 (mlalo), 40 (wima) na 50 ikiwa bamba, kitovu chake kiko (10, 13.3) kutoka pembe mraba. Ikiwa ya waya, kiko (10, 15).

Dhana: Timazi likining'inizwa mara moja, kitovu kimepatikana

Timazi ni uzi wenye kizito mwishoni: bamba likining'inizwa kwenye msumari, uzi huo huonyesha mstari wa wima unaopita kwenye kitovu. Mara moja hutoa mstari, si nukta. Toboa matundu matatu yaliyo mbalimbali karibu na ukingo. Yakisogeleana, mistari inakaribia kuwa sambamba na makutano hayasomeki. Kila tundu liwe pana kuliko msumari, bamba libembee huru mpaka litulie lenyewe, na uzi wa timazi ufungwe kwenye msumari uleule. Kwa umbo la L, gundisha karatasi nyembamba kwenye uwazi upate pa kuchora. Mistari mitatu ikiacha pembetatu ndogo katikati badala ya nukta, kwanza angalia msuguano kwenye msumari kabla ya kulaumu hesabu.