Ndege ya Vita Ipakwe Rangi Gani? Maelezo ya Mhifadhi Kabla Hujashika Msasa

Mwanza ilizoea ndege mapema. Februari 28, 1931 Imperial Airways ilianzisha huduma ya barua kwa ndege kutoka Croydon, London, na kituo cha mwisho kilikuwa hapahapa Mwanza. Mwishoni mwa Machi 1979 ikaja ndege ya namna nyingine, Tu-22 (ndege ya kudondosha mabomu) ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ikilenga ghala la mafuta. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia Kisiwa cha Saanane, na waliouawa ni swala wa hifadhi.

Mji wenye historia hii una haki ya kuuliza habari za ndege za kivita zilizostaafu. Sisi wahifadhi huulizwa maswali mawili: ndege ya namna hiyo inatunzwaje, na ipakwe rangi gani. La pili ndilo huanza, tena mara nyingi kopo la rangi limeshanunuliwa.

Jibu langu huwa lilelile. Rangi ya ndege ya kivita ni tarehe. Ukichagua rangi umechagua siku moja katika maisha ya ndege hiyo, na siku nyingine zote umezifunika. Kwa hiyo swali la kwanza si "rangi gani inapendeza", ni "tunataka kuonyesha siku ipi, na ushahidi tunao?"

Chukua mfano wa mistari myeupe na myeusi iliyopakwa kwenye mabawa na viwiliwili vya ndege za Uingereza na Marekani wakati wa uvamizi wa Normandy, Juni 1944. Ilikuwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, na kazi yake ilikuwa kuzuia wanajeshi wa upande huohuo wasiangushe ndege zao wenyewe. Amri ilikuja dakika za mwisho kwa ajili ya usiri, mafundi wakakesha na brashi mkononi. Baada ya wiki chache mistari ya juu ya mabawa ikaanza kuondolewa, kwa sababu ndege zilihamia viwanja vya Ufaransa na mistari ile ilizifanya zionekane kirahisi kutoka angani. Kwa hiyo ndege ya makumbusho yenye mistari kamili juu na chini inasema "Juni 1944". Ukiiwekea pia alama ya ushindi wa Desemba, yaani ya kuhesabu ndege ya adui iliyoangushwa, umeandika siku ambayo haikuwahi kuwepo. Na ukiipaka kwa utepe wa gundi ikanyooka kama imepigwa rula, umempunja fundi yule aliyepaka gizani mkono ukimtetemeka. Nimeona ndege nyingi zilizokarabatiwa zikiwa safi kuliko zilivyotoka kiwandani. Hilo nalo ni kosa la historia, ingawa wageni hulisifia.

Alama za utambulisho nazo hubadilika. Nembo ya duara ya jeshi la anga la Uingereza ina nyekundu katikati, lakini kwenye vita dhidi ya Japani huko Asia nyekundu hiyo iliondolewa, kwa kuwa ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu na mpiga mizinga mwenye haraka hachunguzi. Wamarekani nao walifuta doa jekundu katikati ya nyota yao mwaka 1942. Anayepaka nembo kwa kumbukumbu ya kichwa ataingia mtegoni hapo.

Kesi ngumu zaidi ni ya ndege iliyotekwa, na hii inatugusa sisi wa ukanda wa ziwa. Jeshi letu lilipoiteka Entebbe Aprili 1979, baadhi ya MiG (ndege za kivita za Kisovieti) za Uganda ziliangukia mikononi mwake. Chukulia ndege ya namna hiyo imeletwa kwenye makumbusho ya kando ya ziwa. Ipakwe nembo ya Uganda au ya Tanzania? Askari mstaafu atakwambia usimwonyeshe alama ya adui kwenye ardhi yake. Mwingine, tena askari vilevile, atakwambia bila alama hiyo mjukuu wake hataelewa ndege imefikaje hapa.

Wenzetu wameshapita njia hiyo. Mwaka 1942 kikosi cha anga cha Australia kilikamata nchini Libya Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani iliyokuja kujulikana kwa namba yake, Black 6. Waaustralia wakaipaka herufi zao, Waingereza wakaitumia kwa majaribio. Ilipokarabatiwa Uingereza ikarudishiwa rangi za Kijerumani za jangwani, na mwaka 1991 ikaruka tena ikiwa hivyo. Naona waliamua vizuri, na kwa MiG yetu ya kufikirika ningesema hivyohivyo: ikiwa ushahidi wa rangi zake za mwisho kabla ya kutekwa upo, irudishiwe hizo, na kibao kieleze kwa Kiswahili cha wazi nani aliiteka, wapi na lini. Wapo wanaopendekeza upande wa kushoto uwe wa nchi moja na wa kulia wa nyingine. Sipendi njia hiyo. Inamridhisha kila mjumbe wa kikao, lakini ndege ya namna hiyo haikuwahi kuruka popote.

Sasa ushahidi unapatikanaje? Kwanza kwenye ndege yenyewe, kabla msasa haujaigusa.

Tafuta mahali palipofichika jua: ndani ya kisima cha gurudumu (shimo linamofichwa gurudumu ndege ikiruka), chini ya kifuniko cha ukaguzi, nyuma ya bamba lililofungwa kwa skrubu. Hapo rangi haijapauka. Kisha chagua eneo dogo la ukubwa wa kiganja, loanisha maji, chukua msasa laini, namba 600 kwenda juu, na uzungushe taratibu ukikandamiza zaidi katikati. Polepole zinatokea pete. Ya nje kabisa ni rangi ya mwisho, pengine kijivu kilichopigwa na mtu aliyetaka tu ndege isionekane chakavu. Inafuata pete ya kijani, kisha ya kahawia, kisha nyembamba ya fedha, halafu praima (rangi ya msingi) ya manjano yenye ukijani, na katikati bati tupu linang'aa. Kila pete ni kipindi cha utumishi. Piga picha mchana, kivulini, ukiweka kadi ya rangi pembeni, na uandike ni sehemu gani ya ndege. Usifanye hivyo chini ya taa ya dukani, maana rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kutofautiana kabisa ukizitoa juani.

Maji hapo si kwa ulaini peke yake. Praima ile ya manjano kwa kawaida ina kromati, na vumbi lake husababisha saratani. Msasa mkavu kwenye ndege ya zamani haufai kabisa, hata ukijifunga kitambaa puani.

Pili ni maandishi madogo. Ndege ya kivita imejaa maelekezo ya mafundi: usikanyage hapa, aina ya mafuta, shinikizo la tairi, tahadhari ya kiti cha kurukia, kile kinachomrusha rubani nje wakati wa dharura. Mpaka rangi mwenye haraka huyafunika yote kwa mpulizo mmoja. Weka nailoni angavu juu yake, chora kila herufi kwa kalamu ya wino usiofutika, pima umbali wake kutoka mstari wa ribiti ulio karibu. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini ikirukwa hairudiki.

Tatu ni picha za zamani, na hapa watu wengi hupotea. Filamu nyingi za zamani za nyeusi na nyeupe hazikuhisi rangi nyekundu, na manjano zilikuwa zikiitoa kama nyeusi, huku buluu ikitoka karibu na nyeupe. Kwa hiyo duara jeusi unaloliona pichani huenda lilikuwa la manjano. Picha za rangi nazo huchuja, na baada ya miaka arobaini ukutani zimeegemea wekundu au manjano. Picha inakwambia alama ilikuwa wapi na ukubwa gani. Kuhusu rangi kamili, iamini ndege kwanza.

Rangi ikishajulikana ipewe namba. Kusema "kijani cha jeshi" hakutoshi, maana kila duka la rangi lina kijani chake cha jeshi. Wamarekani walikuwa na mfumo wa Federal Standard 595, ambao tangu 2017 nafasi yake imechukuliwa na AMS-STD-595 wenye namba zilezile za tarakimu tano: ya kwanza hueleza mng'ao, 1 ikiwa inang'aa, 2 nusu na 3 haing'ai, na ya pili hueleza familia, kwa mfano 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu. Namba 36118 ni kijivu kisichong'aa, na 26118 ni kijivu hichohicho chenye mng'ao kidogo. Tofauti hiyo ina faida kwetu. Rangi isiyong'aa hushika vumbi na unyevu, haidumu nje. Ndege itakayokaa wazi nashauri ipewe ya nusu mng'ao, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Usisahau ndani. Chumba cha rubani cha MiG-21 kilipakwa buluu yenye ukijani, na vitovu vya magurudumu yake ni kijani kikali. Nani angebuni hivyo? Ndiyo maana fundi asiyejua huvipaka vyote vyeusi.

Kuna wakati uamuzi bora ni kutopaka kabisa. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza yana ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048, iliyotua kwa dharura juu ya ziwa lililoganda huko Norway Aprili 1942, ikazama, ikaopolewa 1973. Ilipowekwa kwenye maonyesho iliachwa jinsi ilivyotoka ziwani. Washington nako, taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ina ndege ya mabomu B-26 iitwayo Flak-Bait, iliyoruka misheni zaidi ya 200 huko Ulaya. Viraka vya matundu ya risasi na vipande vya mizinga bado vipo juu yake, na wahifadhi waliamua kuisafisha na kuishikiza rangi yake ya awali badala ya kuipulizia mpya. Rangi iliyobanduka ukiifunika imepotea. Kama lazima upake juu yake, tanguliza tabaka linaloweza kuyeyushwa baadaye, kama vile vanishi ya akriliki ya Paraloid B-72, ili atakayekuja baada yako aweze kurudi nyuma.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni mdomo wa papa wenye meno. Watoto wanaupenda, wapiga picha wanaupenda, na wafadhili ndio usiseme. Ulikuwepo kweli: kikosi cha 112 cha Uingereza kiliupaka kwenye ndege zake za kivita aina ya Kittyhawk kaskazini mwa Afrika. Lakini vikosi vingi havikuupaka. Mwaka 2012 ilipatikana kwenye jangwa la Misri Kittyhawk iliyokuwa imelala hapo tangu Juni 1942, karibu nzima, ikiwa bado na ushahidi mwingi. Ilipopelekwa makumbusho ya El Alamein ikapakwa upya, na wajuzi wa historia ya ndege wakalalamika kwamba rangi hizo hazifanani na zilizokuwepo. Jangwa lilitunza rangi ile kwa miaka sabini.

Ziwa letu halitunzi hivyo. Maji yake hayana chumvi, kwa hiyo tuna nafuu kuliko Dar es Salaam au Tanga, lakini umande wa asubuhi, jua la karibu na ikweta na ndege wa angani ni shida tosha. Nyekundu huanza kuwa pinki mapema. Kinyesi cha korongo kina tindikali na hula rangi. Wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu hunasa kwenye kila upenyo, wakioza wanashika unyevu.

Hata hivyo adui mkubwa yuko ndani. Tumbo la ndege lina vitundu vidogo vya kutolea maji. Mpaka rangi huviziba kwa puti akidhani ni kasoro, nyigu humalizia vilivyobaki. Mvua za masika zikiisha, maji yamesimama juu ya mbavu za aluminiamu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu ya kumshtua mtu. Inatoa unga mweupe, rangi inavimba kama malengelenge, kisha bati linachanika matabaka. Boliti ya chuma ikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo huliwa. Magurudumu ya magnesiamu huoza haraka zaidi. Kwa hiyo kama taasisi yako ina bajeti ndogo, nunua kwanza waya wa kuzibulia vitundu, jenga paa, na weka ndege juu ya vigingi ili tairi zisibebe uzito. Rangi isubiri.

Na msiingie chumba cha rubani kabla mafundi wa jeshi hawajaikagua ndege. Kiti cha kurukia kina baruti inayoweza kuua hata baada ya miongo. Saa na vipimo vinavyong'aa gizani, hasa vya ndege za zamani, huenda vina radiamu yenye mionzi, na breki huenda zina asbesto. Usifungue kioo cha kipimo, usikwangue.

Wananchi mnaweza kutusaidia kuliko mnavyodhani. Kwenye maboksi ya familia nyingi za Mwanza, Musoma na Bukoba kuna picha za baba au mjomba amesimama kando ya ndege miaka ya sabini. Yeye ndiye mnayemtazama. Sisi tunatazama mkia ulio nyuma yake. Kama unayo, usiikate wala kuibandua kwa nguvu kwenye albamu. Peleka makumbusho iliyo karibu ipigwe nakala ukisubiri, urudi na yako nyumbani. Nyuma yake andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani. Kama mwaka huna uhakika, andika tu ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada.