Doa Lisilouma Mdomoni na Hatari ya Kugeuka Saratani

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine katika kliniki ya kinywa na meno hapa Dodoma ni fupi: "Daktari, hii ni kansa?" Anayeuliza huwa ameona doa jeupe au jekundu ndani ya shavu, ubavuni mwa ulimi au kwenye fizi, na mara nyingi doa lenyewe halimuumi hata kidogo. Jibu la kweli ni kwamba madoa mengi ya namna hiyo si saratani na hayatakuwa saratani. Hata hivyo, miongoni mwake yapo ambayo seli zake zimekwisha kuanza kuharibika, na kwa kuwa hayaumi, mwenye nayo hukaa nyumbani mpaka wakati wa kutibiwa kwa urahisi umpite.

Kabla ya kuzungumzia hatari ni lazima kwanza tutenganishe. Utandu wa fangasi hufutika ukisuguliwa kwa shashi. Weupe unaoletwa na jino lililovunjika au meno ya bandia yanayokwaruza hupungua ndani ya wiki mbili baada ya kuondoa kinachokwaruza. Weupe wenye mikunjo kama nywele ubavuni mwa ulimi, unaowapata baadhi ya watu wanaoishi na VVU, hutokana na virusi vya Epstein-Barr na hauelekei kuwa saratani. Doa jeupe lisilofutika, ambalo haliwezi kuelezwa na ugonjwa mwingine unaojulikana, ndilo tunaloliita lukoplakia. Doa jekundu la aina hiyohiyo, laini kama mahameli, huitwa erithroplakia.

Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba lukoplakia iligeuka saratani kwa asilimia 9.5 ya waliofuatiliwa, wakati laikeni plana, ugonjwa wenye mistari myeupe iliyosukana ndani ya mashavu, haikufika asilimia 2. Kwa erithroplakia kiwango kilikuwa asilimia 33.1, na kwa ile lukoplakia yenye vinundu kama chunjua inayosambaa polepole kutoka ufizi hadi ufizi kilikaribia nusu. Takwimu hizi zimetoka zaidi katika hospitali kubwa, ambako hufika wagonjwa walio na hali mbaya zaidi, kwa hiyo mtu aliyegunduliwa doa kijijini asijihesabie hukumu kwa asilimia hizo. Mpangilio wake, lakini, hauna ubishi: wekundu ni wa kuogopwa kuliko weupe. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walipima sampuli 65 za erithroplakia. Asilimia 51 zilikuwa tayari saratani iliyopenya hadi ndani ya nyama, asilimia 40 zilikuwa kwenye hatua ya mwisho kabla ya kupenya, na zilizobaki zote zilikuwa na mabadiliko ya seli ya kiwango cha chini au cha kati. Ndiyo maana mimi doa jekundu lisiloeleweka siliahirishi.

Weupe nao haulingani. Doa lililo laini na la rangi moja lina hatari ndogo kuliko lenye vinundu, mipasuko au vijidoa vyekundu katikati ya weupe. Lililo chini ya ulimi au ubavuni mwake lina hatari kubwa kuliko la shavuni. Lililozidi milimita za mraba 200, yaani takribani milimita 14 kwa 14, ni la kuangaliwa kwa karibu zaidi. Tena liko jambo linalowashangaza wengi, hata watumishi wa afya wenzangu: lukoplakia ya mtu ambaye hajawahi kugusa tumbaku hugeuka saratani mara nyingi kuliko ya mvutaji. Tumbaku ndiyo inayosababisha madoa mengi, na ikiachwa baadhi hufifia. Doa lililoota bila sababu inayoonekana halina cha kuachwa ili lififie. Kwa hiyo mama wa makamo asiyevuta wala kunywa, mwenye weupe ubavuni mwa ulimi, asiambiwe kwamba yeye hayumo katika kundi la hatari.

Jicho peke yake halitoshi. Tunapiga ganzi, tunachukua kipande kidogo cha nyama mahali panapoonekana pabaya zaidi, tunakitia kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na kukipeleka maabara ya patholojia, inayochunguza nyama kwa darubini. Huko huangaliwa kama seli zimepoteza mpangilio wake wa kawaida, hali inayoitwa displasia, na kwa kiwango gani. Wagonjwa wengi huogopa kwamba kukatwa kipande "kutaichokoza" kansa. Hofu hiyo haina msingi, na imewachelewesha watu ambao wangepona. Ninalosisitiza kwa upande wa pili ni kwamba jibu la "hakuna displasia" linahusu kipande kile kilichokatwa, si doa zima. Zipo lukoplakia zisizo na displasia zilizogeuka saratani, na zipo zenye displasia ambazo hazikugeuka.

Katika mkoa wetu na jirani zake chanzo ninachokutana nacho sana ni ugoro. Mzee hutoa kikopo mfukoni, akachota kwa ncha za vidole, akauweka kati ya mdomo wa chini na ufizi, ukakaa hapo muda mrefu. Ukiuvuta mdomo huo taratibu utaona ngozi laini ya ndani imekuwa ya kijivu, imejikunja kama matuta ya shamba, na ufizi wa mbele umeshuka hadi mizizi ya meno imebaki wazi. Ugoro uliochanganywa na magadi hupenya haraka zaidi kwa kuwa magadi huifungua nikotini, na pamoja nayo ngozi ile hukaa imegusana na kemikali za nitrosamini zinazoharibu vinasaba vya seli. Habari njema ni kwamba mikunjo ya ugoro mara nyingi hunyooka wiki chache baada ya kuacha. "Babu, acha kwa wiki sita halafu urudi tuangalie," ndivyo ninavyowaambia. Kilichobaki baada ya hapo hukatwa kipande. Sigara na pombe, iwe ya mtama au mvinyo wa zabibu, zikitumiwa pamoja huzidishiana madhara.

Chanzo cha pili ni jua, na hapa kwetu jua halina msimu wa kupumzika. Mdomo wa chini wa nje hukauka, hupoteza mpaka wake na ngozi ya uso, huota magamba na vidonda vinavyofunga na kufunguka. Watu wenye ualbino ndio wanaoumizwa zaidi, wakiwa bado vijana. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua yapakwe hadi midomoni, na kidonda cha mdomo wa chini kwa mtu mwenye ualbino kipelekwe hospitali mapema, kisitibiwe kwa vaselini.

Jambo linaloniumiza ni vinywa vinavyonifikia vikiwa vya zambarau kwa kupakwa GV, ile dawa ya maji ya zambarau, mwezi baada ya mwezi. GV inafaa kwa fangasi. Ikipakwa juu ya doa lisilofutika huficha rangi tunayotaka kuiona, na humpa mgonjwa imani kwamba anatibiwa. Kidonda au doa lililopita wiki mbili bila sababu inayoonekana lipewe rufaa, hata kama dawa iliyoko zahanati bado haijaisha.

Kukata na kuondoa doa zima lenye displasia kunapunguza hatari: katika mkusanyiko wa tafiti wa mwaka 2009, saratani ilitokea kwa asilimia 5.4 ya waliokatwa dhidi ya asilimia 14.6 ya wasiokatwa. Haikuwa sifuri, kwa sababu seli zilizokwisha kuguswa na uharibifu husambaa mbali kuliko kingo za doa, jambo lililoelezwa tangu mwaka 1953. Kwa hiyo aliyekatwa huendelea kurudi, kwa kawaida kila miezi mitatu hadi sita, na kovu lake hupigwa picha na kupimwa kwa rula. Najua nauli kutoka Kondoa au Mpwapwa ni mzigo, na msimu wa kulima haumngoji daktari. Picha ya simu iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana, iliyotumwa na mganga wa zahanati, inaweza kuokoa safari moja kati ya mbili, ingawa haichukui nafasi ya kidole kinachohisi ugumu chini ya ulimi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Anahitajika mtu mwenye glavu, tochi na shashi ya kushikia ncha ya ulimi ili auvute upande huu na huu, aangalie chini yake, mashavuni, kwenye fizi, kisha apapase tezi za shingo. Huko Kerala, India, wahudumu waliofundishwa kuangalia vinywa kwa macho tu walipita nyumba kwa nyumba, na vifo vya saratani ya kinywa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilipungua kwa asilimia 34. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao katika vijiji vyetu, na wanaingia katika nyumba ambazo mimi sitafika. Ningependa wafundishwe kazi hii, wakianza na kaya zenye wazee wanaotumia ugoro.