Ritifaa ya ng'ombe si pambo

Tanga hapa, kibao cha muuza samaki huweza kuandikwa "papa ngonda" badala ya "papa ng'onda", yaani papa mkavu, na mwandishi akaona hakupunguza kitu. Wengi wetu tunadhani ile ritifaa, kile kialama (') cha juu, ni pambo tu. Hebu tamka Ngamiani, kisha ng'onda. Katika Ngamiani g inasikika wazi. Katika ng'onda haisikiki kabisa, sauti inapita puani. Ukiiondoa kwenye "ng'oa" unabaki na "ngoa", nao ni wivu.

Wapo wanaosema ritifaa huonyesha herufi iliyodondoka. Kwenye mashairi ni kweli: "n'na" ni "nina" iliyofupishwa ili mizani itimie. Kwenye ng'ombe hakuna kilichodondoka. Herufi za Kirumi tulizozoea hazina hata moja ya sauti ile, ndiyo maana tunaiandika kwa n, g na ritifaa. Kwa hiyo hata kwenye simu, nakuomba usiiruke.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni ile ya chuo cha Kurani, kwamba fat-ha, kasra na dhumma, alama za irabu a, i na u, zilizaliwa pamoja na herufi za Kiarabu. Misahafu ya mwanzo haikuwa nazo. Msomaji alitegemea alichohifadhi. Imepokewa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki karibu mwaka 688, ndiye aliyeanza kutia vitone vya rangi: juu ya herufi kwa a, chini yake kwa i. Karne iliyofuata al-Khalil bin Ahmad wa Basra akaleta maumbo tunayoyajua. Fat-ha ni alifu ndogo iliyolazwa, dhumma ni wau ndogo, shada, alama ya kukaza herufi, ni kichwa cha shini. Kumbe alama zenyewe zilikuwa herufi! Hata vitone viwili vya ä ya Wajerumani vilianza kama e ndogo juu ya a, na kiwimbi cha ñ ya Kihispania kilikuwa n.

Tena si kweli kwamba irabu hizo zilikitosheleza Kiswahili. Za Kiarabu ni tatu, zetu tano. Katika barua za zamani za wazee wa Mrima, pwani yetu hii, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, dhumma ilibeba u na o, kasra ikabeba i na e. Kuku, koko na kuko ziliandikwa sawasawa, na aliyepokea barua ndiye aliyejua kama jirani anadai kuku wake au anazungumzia koko la embe.