Udongo wa mfinyanzi wa Bonde la Mto Red: kwa nini unavimba, unapasuka na kutuamisha maji

Mwaka 1997 Mto Red, unaotoka Marekani na kuingia Kanada, ulifurika hadi maji yakatanda kusini mwa Winnipeg, jiji kuu la jimbo la Manitoba nchini Kanada, kwa upana wa takriban kilomita 40. Picha za ndege zilionyesha bahari, na nyumba za wakulima zikiwa visiwa. Anayeujua mto huo wakati wa kiangazi hushangaa, maana ni mto wa kawaida tu, wenye maji ya rangi ya tope na mkondo wa kujipinda. Ili kuelewa namna unavyoweza kufunika nchi, inabidi tuanze na udongo.

Shuleni tulifundishwa kwamba mto hufurika, huacha matope, na matope hayo ndiyo yanayokuwa udongo wa bonde. Kwa Rufiji au Tana maelezo hayo yanatosha. Kwa Mto Red hayatoshi. Tabaka nene la mfinyanzi lililo chini ya mashamba na mitaa ya Winnipeg, ambalo mahali pengi lina kina cha zaidi ya mita 10, lilitua chini ya Ziwa Agassiz. Hilo lilikuwa ziwa kubwa mno la maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu, na mabaki yake ya mwisho yalitoweka miaka ipatayo 8,000 iliyopita. Mchanga na changarawe vilibaki ufukweni. Chembe ndogo kabisa zilielea hadi katikati, zikazama polepole kwenye maji matulivu. Kwa hiyo ardhi ile ni sakafu ya ziwa, tambarare kiasi kwamba katika sehemu nyingi mto hushuka kwa takriban sentimita 10 tu kwa kilomita nzima. Mto ulikuja baadaye, ukajichimbia mkondo mwembamba juu ya sakafu hiyo. Maji yakishapita kingo, hayana kilima cha kuyazuia.

Sasa tuutazame udongo wenyewe. Chembe ya mfinyanzi ina upana wa chini ya milimita 0.002, na katikati ya bonde hili chembe hizo mara nyingi huzidi asilimia 60 ya uzito wa udongo. Hata hivyo, wingi huo peke yake hauelezi tabia zake. Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za nyanda za juu za Afrika Mashariki nao una mfinyanzi mwingi, lakini hauvimbi sana kwa sababu madini yake mengi ni ya kundi la kaolini. Mfinyanzi wa Mto Red una smektaiti nyingi. Chembe ya smektaiti imejengwa kwa tabaka nyembamba zilizopangwa kama chapati kwenye sahani, na maji yana uwezo wa kupenya kati ya tabaka moja na nyingine na kuzitenganisha. Yakiingia, udongo huvimba. Yakitoka, hunywea.

Ukitaka kuuthibitisha, chukua donge la kutosha kiganja, lilowanishe kidogo, likande, kisha lisukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada. Udongo wa kichanga utakatika papo hapo. Huu utatoka kama utepe mrefu, laini, unaong'aa pale kidole kilipopita. Halafu chimba shimo mwishoni mwa kiangazi kikavu. Utakuta nyufa zilizoshuka chini, na ndani yake udongo mweusi wa juu ulioporomoka. Mvua zikirudi, udongo wa chini huvimba lakini hauna tena nafasi yake ya zamani, kwa kuwa nyufa zimeshajazwa. Mapande husukumana na kuteleza moja juu ya jingine, na msuguano huo huacha nyuso zilizong'arishwa zenye michirizi. Sisi tunaopima udongo tukiziona alama hizo tunajua tumefika kwenye vatisoli, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Vatisoli ziko pia Mwea, tambarare za Kano na mbuga za Usukuma. Mkulima wa huko akipelekwa kwenye shamba lililolowa karibu na mji wa Morris, Manitoba, ataitambua hali hiyo kwa viatu vyake: tope linanata, linajijenga, hadi mguu unakuwa mzito kuunyanyua.

Kuhusu maji kuna jambo linalopotosha wengi. Mvua ya kwanza baada ya ukavu hupenya haraka sana kupitia nyufa. Nyufa zikishafumba, upenyaji huporomoka hadi milimita chache kwa saa, na mara nyingine chini ya hapo, kisha maji hutuama. Na ingawa udongo huu huhifadhi maji mengi, sehemu kubwa ya maji hayo imeshikwa kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta. Mmea unaweza kunyauka huku udongo ukiwa bado na unyevu ukiushika. Mtu anayepima kwa mkono tu atadhani mmea una ugonjwa.

Mafuriko ya majira ya kuchipua huandaliwa miezi mingi kabla. Vuli, yaani majira yanayotangulia baridi, ikiwa na mvua nyingi, mfinyanzi hujaa, hufumba, kisha huganda. Theluji inapoyeyuka, ardhi iliyoganda ikiwa na maji haina pa kuyaweka, hivyo maji hutiririka juu juu kuelekea mitaroni na mtoni. Isitoshe, Mto Red hutiririka kuelekea kaskazini. Upande wa kusini huyeyuka kwanza, na maji yake hukuta huko mbele mto bado una barafu. Baada ya gharika ya mwaka 1950, serikali ya Manitoba chini ya Duff Roblin ilichimba mkondo wa kuyazungusha maji kando ya Winnipeg, kazi iliyofanywa kati ya 1962 na 1968. Mwaka 1997 mkondo huo uliliokoa jiji. Kwa maoni yangu, ni moja ya kazi bora za umma kuwahi kufanywa katika nyanda hizo.

Kingo za mto ni habari nyingine. Mto unapofurika hutupa kwanza chembe nzito, kwa hiyo karibu na maji kuna ukanda ulioinuka kidogo, wenye udongo mwepesi unaopitisha maji vizuri. Miti ilimea hapo tangu zamani, na Wametisi, yaani watu wa asili ya mchanganyiko wa wenyeji na Wazungu, pamoja na walowezi wa karne ya 19 walijigawia mashamba membamba marefu, kila moja likianzia mtoni.

Kwa mkulima, rutuba ipo. Mfinyanzi huu hushika vyema potasiamu, kalisi na magnesi. Ugumu uko kwenye wakati. Ukiingiza trekta udongo ukiwa umelowa, unaushindilia. Ukichelewa, unakuwa mabonge magumu. Wakulima wengi hulima vuli na kuiachia baridi kazi ya kuyavunja mabonge, kwani kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huyafanya tifutifu. Mkulima wa Mwea hana msaidizi huyo. Soya hupata taabu ya pekee: udongo una chokaa, na ukilowa sana majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Chuma kimo udongoni, ila mizizi inashindwa kukichukua. Dawa ya kwanza ni kuchagua mbegu inayovumilia hali hiyo.

Wajenzi nao walionywa mapema. Oktoba 1913, huko Transcona, karibu na Winnipeg, ghala jipya la nafaka la zege lilianza kuzama likiwa linajazwa ngano. Ndani ya saa 24 lilikuwa limeinama karibu digrii 27. Mfinyanzi wa chini ulikuwa laini kuliko ule wa juu, na mzigo uliushinda. Ghala lilinyanyuliwa, likawekewa nguzo hadi kwenye mwamba, likarudi kazini.

Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Winnipeg na kununua nyumba zinaishi juu ya mfinyanzi huohuo. Hakikisha ardhi inainamia mbali na kuta, na mabomba ya kushusha maji ya paa yanayamwaga mbali na msingi. Kiangazi kikiwa kikavu, mwagilia polepole kuzunguka nyumba ili udongo usinywee upande mmoja, hasa ikiwa kuna mti mkubwa karibu, maana mizizi ya mti hunyonya maji kutoka chini ya msingi. Ukiona ufa mpya ukutani au mlango ulioanza kukwama, andika tarehe, weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, na uangalie tena msimu unapobadilika. Ufa unaofunguka kiangazi na kufumba udongo unapolowa unasababishwa na kunywea kwa mfinyanzi. Unaozidi kupanuka misimu yote unahitaji mhandisi.