Usimpigie bibi lipu ya saruji: dhana tunazokwenda nazo kukarabati nyumba za wahitaji

Jumapili iliyopita baada ya ibada, kiongozi mmoja wa vijana alinifuata nje akiwa na daftari mkononi. Wamechangishana, wamepata mifuko 20 ya saruji na ndoo mbili za rangi, na Julai wanakwenda Makete kukarabati nyumba ya bibi mjane anayelea wajukuu. "Fundi, tunataka tupige lipu ndani na nje, nyumba ipate nguvu." Nikamuuliza kuta ni za tofali gani. Mbichi, za udongo usiochomwa. Nikamuuliza kama aliwahi kuiona nyumba hiyo mvua ikinyesha. Hajaiona kabisa, ametumiwa picha.

Mimi ni fundi mwashi kwa miaka 22 sasa, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimefuatana na vikundi vya Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki kukarabati nyumba za wajane, wazee na watu wenye ulemavu, kuanzia Kilolo hadi Rungwe. Hoja ya lipu naisikia kila mwaka, mara nyingi saruji ikiwa imeshanunuliwa. Naomba safari hii isomwe kabla ya harambee.

"Lipu ya saruji inaipa nguvu nyumba ya tofali mbichi"

Haiipi. Inaiua polepole, na kwa kuwa inaiua ikiwa imependeza, hakuna anayeshtuka.

Ukuta wa udongo unakunywa maji na kuyatoa. Masika unanyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, unavimba kidogo. Kiangazi unautoa, unasinyaa. Umefanya hivyo tangu siku ulipojengwa na ndiyo maana bado umesimama. Saruji haivimbi wala kusinyaa pamoja nao, imekaza. Basi ukuta unacheza nyuma, lipu imetulia mbele, na katikati vinaachana. Zinatokea nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ya upepo inaingia kwenye nyufa hizo kwa urahisi, lakini jua haliwezi kuyatoa maji yaliyokwisha kuingia, kwa sababu lipu imeufunika ukuta. Tofali linabaki bichi kwa maana ya kweli, linalainika kama ugali, na nje huoni kitu. Gonga lipu ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole uisikilize: inalia kama debe tupu.

Haya sikuyasoma mahali. Mwaka wangu wa tatu wa kufuatana na vikundi tulipiga lipu nyumba ya mzee mmoja Rungwe, upande wa Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni ya kuhesabu. Mimi ndiye niliyeshika mwiko. Tulipaka rangi, tukaimba, tukaomba, tukapiga picha. Masika ya pili lipu ya ukuta wa magharibi ilidondoka usiku kwa vipande vikubwa kama milango, na tofali za chini zikafuata kwa sababu zilikuwa zimegeuka tope. Mzee alikuwa amelala chumba cha pili, Mungu ni mwema. Nilikwenda kuona. Ule ukuta kabla yetu ulikuwa umesimama zaidi ya miaka 30.

Kwa hiyo nikiulizwa nguvu ya nyumba ya udongo iko wapi, jibu langu ni moja: iko kwenye paa na kwenye miguu. Maji yasishuke ukutani, na yasisimame chini ya ukuta. Hayo mawili yakishughulikiwa, ukuta ambao haujapakwa chochote utadumu kuliko ule mliouvalisha saruji.

Paa kwanza. Tazama upenu. Nyumba nyingi tunazokuta bati linaishia sentimita 15 au 20 nje ya ukuta, kwa sababu mwenye nyumba alipungukiwa bati. Upenu unatakiwa utokeze sentimita 60. Kurefusha papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kuongeza bati pembeni ni kazi ya siku mbili kwa watu wanne wenye fundi mmoja, na hakuna kazi nyingine inayomsaidia mwenye nyumba kuliko hiyo.

Kisha miguu. Chimbeni mtaro kuizunguka nyumba, hatua moja kutoka ukutani, wenye mteremko unaopeleka maji mbali. Ondoeni udongo uliolundikana ukutani kwa miaka ya kufagia uwanja. Kuna nyumba nimekuta uwanja umepanda hadi juu ya sakafu ya ndani. Tofali za chini zilizoliwa zibadilishwe kwa mawe au tofali za kuchoma, kozi (mistari ya tofali) tatu au nne, mkienda kipande kwa kipande, si zaidi ya mita moja kwa wakati, huku mkiweka mihimili ya kushikilia juu. Hapo kwenye mguu, kujengea hayo mawe na tofali za kuchoma, saruji ina kazi yake na mfuko mmoja au miwili itatumika vizuri.

Mkishamaliza hayo na bado mnataka ukuta upendeze, kandikeni kwa udongo. Najua vijana wa mjini wanaona aibu kupeleka udongo kwa maskini kama zawadi. Ondoeni aibu hiyo. Mkandiko mzuri ni ufundi, na bibi zenu waliujua kuliko ninyi. Chukueni udongo wa mfinyanzi, mchanga, nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole, na samadi mbichi ya ng'ombe. Korogeni, funikeni, mwache siku kadhaa uchachuke, mkoroge tena. Lowesheni ukuta kabla ya kupaka, pigeni tabaka la kwanza liwe la kukwaruza, likauke, ndipo la pili. Mwisho chokaa, kwa sababu chokaa inauacha ukuta upumue.

Vipimo? Hakuna kipimo kimoja. Udongo mwekundu wa Iringa na udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ni vitu viwili, na anayekuambia "ndoo moja kwa tatu" bila kuugusa udongo wenu anabahatisha. Chukua chupa ya maji ya lita moja inayoonyesha ndani, jaza udongo hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi, utapasuka. Ongeza mchanga na nyasi. Ukiona ni kidogo sana, hautashika. Tafuta udongo mwingine bondeni au kwenye kichuguu, maana mchwa huchagua udongo unaoshika. Kisha paka viraka vitatu vya mchanganyiko tofauti kwenye ukuta wa nyuma, kila kimoja ukubwa wa sahani. Baada ya wiki kiraka chenyewe kitawaambia. Sitoki nyumbani na kikundi ambacho hakijafanya viraka vyake.

Na ili nisinukuliwe vibaya: nyumba ya tofali za kuchoma au ya bloku, pigeni lipu ya saruji kwa amani. Nazungumzia tofali mbichi, ambazo ndizo nyumba za wengi wa tunaowaendea.

"Kwa asiye na kitu, bati la geji 32 linatosha"

Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ikikutana na upepo wa milima yetu inang'oka kwenye misumari. Nunueni 30 kwa uchache, 28 mkiweza. Pesa ikipungua, ezekeni nusu ya nyumba vizuri, nusu ingojee mwakani. Maskini ndiye asiye na uwezo wa kuezeka mara mbili.

"Tukiondoa nyasi tukaweka bati, tumemaliza"

Hili linanisumbua, maana nia ni njema na madhara huonekana tukishaondoka. Chini ya paa la nyasi mama anapika ndani na moshi unapenya taratibu kwenye nyasi, hata unazilinda zisiliwe na wadudu. Weka bati, ziba vizuri juu ya kuta kama mafundi tunavyopenda kuziba, na moshi ule hauna pa kwenda isipokuwa machoni na vifuani mwa watoto. Kila tunapoezua nyasi, tujenge jiko la nje au tuache matundu ya kutosha juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana, upepo upite.

Tena kuna baridi. Makete na Njombe usiku wa Juni bati linapoa mno, pumzi za waliolala zinagandia juu, alfajiri inadondoka kama mvua kwenye blanketi. Watu wakaniita wakisema paa letu linavuja. Halivuji. Linahitaji dari, hata ya mikeka au mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, na nafasi ya hewa kati yake na bati.

"Ukuta mmoja ukianguka, tuujenge kwa bloku"

Ukuta wa bloku na kuta za udongo hazishikani. Nyumba inapasuka pembeni kabisa, pale vinapokutana. Na sisi tuko kwenye bonde la ufa: tetemeko la Desemba 1910 la ukanda wa Rukwa ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyorekodiwa Afrika katika karne ya 20. Jengeni kwa tofali la aina ileile, zifungamane kwenye kona kozi kwa kozi.

"Kazi ya Mungu haihitaji fundi wa kulipwa"

Hapa nitatajiwa Nehemia: wafua dhahabu na watengeneza manukato walijenga ukuta wa Yerusalemu, ukaisha kwa siku 52. Ni kweli. Lakini someni sura ya tatu yote. Kila kundi lina sehemu yake iliyotajwa, kuna walioshughulikia milango, komeo na mapingo, na hakuna mahali watu 40 walirundikana kwenye kona moja wakigombania koleo mbili. Kikundi cha watu 12 wenye mafundi wawili kinafanya zaidi ya kikundi cha 40 kisicho na fundi. Mafundi hao walipeni. Fundi wa kijiji anayeachwa kando wakati wageni wanajenga bure jirani yake hatakuja kurekebisha bati likilegea Machi. Ukimlipa na kumpa heshima yake, nyumba ile inakuwa pia kazi yake, na ataipitia bila kuitwa.

Hili linawahusu pia wageni wetu wanaotoka Ulaya na Marekani kuja kushirikiana na dayosisi na majimbo yetu. Karibuni sana. Chimbeni mtaro nasi, bebeni maji, sogezeni mbao. Juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mwacheni apande anayejua kupanda.

"Mwenye nyumba akae tu, apokee"

Iringa na Njombe tunajua mgowe: mtu anaita majirani, wanamlimia au wanamwezekea, naye anawapikia na kuwatafutia ulanzi, pombe ya mianzi. Makanisani ulanzi tumeuacha, tumeleta chai na togwa, sawa. Kilichobaki lazima kibaki: aliyeitia kazi ana sauti juu ya kazi. Bibi asiyeweza kubeba tofali anaweza kuwaonyesha maji yanatokea wapi mvua ikinyesha, na hakuna anayejua hilo kuliko yeye. Niliwahi kukuta kikundi kimehamisha mlango wa nyumba ya mama mmoja bila kumuuliza, kwa sababu ulionekana umekaa vibaya. Mlango ule ulikuwa umeupa upepo mgongo. Usiku wa kwanza alilala kwa jirani.

"Tuanze na waumini wetu"

Kaeni na mwenyekiti wa kijiji na balozi wa nyumba kumi, mpite nyumba kwa nyumba, muanze na inayovuja zaidi. Nyumba haina dhehebu.

"Tukishakabidhi, nyumba ni yake"

Siyo siku zote. Nimeona mjane akiezekewa bati mwezi Agosti, na Desemba mashemeji wakaja kudai nyumba ya ndugu yao. Kabla hatujaipa thamani, nilikuwa sijawahi kusikia wakiitaja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa hiyo wiki ileile mnayopeleka mbao, mchungaji na wazee wawili waende na mama ofisi ya kijiji kufuatilia hati kwa jina lake. Siku hizi siweki bati hata moja kwa mjane kabla hatua hiyo haijaanza.

Yule kiongozi wa vijana tumekubaliana. Mifuko 17 ya saruji wanairudisha dukani wakabadilishe kwa bati za upenu, papi na misumari. Julai wanakwenda kwa mtaro, miguu ya nyumba na paa tu, maana Makete wakati huo baridi na ukungu haviruhusu udongo ukauke. Watapaka viraka vyao vitatu waviache. Septemba jua likiwa kali, kabla mvua za Novemba hazijaanza, watarudi kukandika, na bibi ameshawaambia samadi ipo.