Sio kila damu chooni ni bawasiri

Wagonjwa wengi wa saratani ya njia ya haja kubwa wanafika kwetu washapaka na kunywa kila dawa ya bawasiri, za duka la dawa na zile za kichupa kisicho na lebo, na katika wote waliowauzia hamna hata mmoja aliyewakagua. Shida ni kwamba dalili zinafanana kweli: damu kwenye karatasi, muwasho, maumivu ukikaa, kinyama au uvimbe pembeni ya tundu. Ukiona pia choo kinatoka chembamba, ute, au mitoki imevimba kinenani, usisubiri tena.

Chanzo kikubwa cha saratani hii ni kirusi cha HPV, kilekile cha saratani ya shingo ya kizazi, karibu kesi 9 kati ya 10. Na hapa watu wanaanza kunyoosheana vidole, eti lazima umefanya mapenzi kinyume na maumbile. Hapana jamani, kirusi hiki kinasambaa kwa ngozi kugusana sehemu za siri zote, na nchi nyingi wanawake ndo wanaougua zaidi. Ukiwa na VVU au unavuta sigara hatari inapanda.

Vipimo havitishi. Daktari anavaa glavu, anapaka jeli, anapima kwa kidole, akikuta kitu anaangalia kwa kifaa kifupi chenye mwanga halafu kinyama kidogo kinakatwa kupelekwa maabara. Bila hicho kinyama hakuna wa kukuhakikishia ni nini, hata mimi kwa macho siwezi.

Zamani tiba ilikuwa kukata kila kitu na kuishi na mfuko wa choo tumboni. Mwaka 1974 Dkt. Norman Nigro wa Marekani akaonyesha kwamba mionzi pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani) vinaweza kuumaliza uvimbe, na mpaka leo ndo tiba ya kwanza kwa ambao saratani haijasambaa: mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 au 6 hivi. Ngozi ya huko chini inababuka, unaharisha, unachoka sana, sikufichi. Uvimbe unaweza kuendelea kusinyaa hata miezi 6 baada ya kumaliza, kwa hiyo usikimbilie kukatwa mapema.

Tanzania chanjo ya HPV ni bure kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, wapelekeni.

Na kama aibu ndo inakuzuia, pale mapokezi sema tu tumbo linakusumbua, mengine utamwambia daktari mlango ukishafungwa, na ruksa kuomba wa jinsia yako.